Mtambulishe Aliye Mbele Yako

Karatasi ilibandikwa Jumatatu saa nne, wakati wa chai, pale pale ukutani ambapo hubandikwa zamu za kuwachunga watoto wakila. Mwalimu Gladwell Namalwa hakuikimbilia. Alijua kilichomo: majina ya walimu kumi na wawili wa madarasa, kila mmoja na saa yake ya kutahiniwa Kifaransa cha kuzungumza siku ya Alhamisi. Aliumaliza mkate wake, akajipangusa vidole, ndipo akainuka. Jina lake lilikuwa la saba, saa tano na nusu. Chini kabisa, kwa herufi nzito, palikuwa na jina la mtahini anayetoka Bungoma. Alilisoma mara moja tu. Akarudi kukaa, na chai aliyokuwa ameiacha nusu hakuigusa tena.

Jina hilo sisi hatutaliandika hapa. Tunamfuata Gladwell, naye tangu binti yake Lorna aolewe miaka minne iliyopita hajawahi kulitamka. Mtahini alikuwa mkwe wake. Kwa Wabukusu wanaoshika mambo yao, mama hasemi jina la mume wa binti yake, hamsalimu kwa mkono, hali naye, haketi naye chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia shambani mpaka mwenzake apite. Wapo wanaosema mambo hayo yamepitwa na wakati. Wengi wao hawajapata wakwe.

"Madam Gladwell, mbona umekauka hivyo?" aliuliza Kibiwott, mwalimu wa Gredi ya Tano. "Si wewe ndio bingwa wetu? Mimi hata kuhesabu mpaka ishirini bado nakwama kwa kumi na sita."

"Huyo mtahini ni wa kwetu," Gladwell alisema kwa sauti ndogo.

"Si basi umepita! Mwambie hata mimi ni binamu yake."

"Ni mkwe."

Kibiwott, mtu wa Saboti, aliacha kucheka. Kwao pia mkwe si mtu wa kuchezewa. Alitazama pembeni kama aliyemfungulia mtu mlango wa bafu. "Uuui," alisema. "Sasa utakaa naye aje kwa chumba?"

Hilo ndilo swali Gladwell alilolibeba mpaka ofisini kwa mkurugenzi, Bwana Kagwe.

Kagwe hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa ameijenga shule hiyo ya binafsi, hapo nje kidogo ya Kitale, kutoka ghala la mahindi la babake, na kila mwaka aliota inarudi kuwa ghala. Januari wazazi watatu waliwahamisha watoto wao kwenda shule inayofundisha Kifaransa. Kabla ya Februari kuisha, Kagwe alikuwa amechapisha kwenye basi la shule kwamba Kifaransa kitaanzia Gredi ya Kwanza, na akawatangazia walimu kwamba kila mwalimu wa darasa atakifundisha mwenyewe, akijua asijue. Asiyefaulu mtihani wa kuzungumza kabla ya Agosti, mkataba wake hautaandikwa upya.

"Nitafutie mtahini mwingine," Gladwell alimwambia. "Hata awe mkali namna gani."

"Nitamtoa wapi? Kutoka hapa mpaka Eldoret nimepata huyo mmoja tu."

"Basi si umwajiri afundishe hicho Kifaransa? Yeye amekisoma chuo kikuu miaka minne. Mimi nimekisoma kwa simu miezi sita, nikiwa napika."

"Halafu nyinyi mkae tu?" Kagwe alicheka, si kwa ubaya. "Madam, mwalimu ni mwalimu. Wewe umefundisha hesabu, dini, mpaka kupanda sukuma wiki. Utashindwa na bonjour?"

"Sijasema nimeshindwa. Nasema ni mkwe wangu. Kwetu hatuwezi kuketi tukitazamana."

"Lakini si damu yako. Angekuwa mtoto wako ningeogopa upendeleo. Mkwe ni mgeni tu. Mimi mama mkwe wangu tunakunywa chai na yeye, ananiambia mambo ya sukari yake." Alimwona Gladwell hacheki, akajikuna kidevu. "Na usiogope kuonewa. Wakonyo atachukua video ya kila mwalimu, iende kwa grupu ya wazazi. Waone wenyewe."

"Na nikikosa kuingia?"

"Sitafukuza mtu, Madam. Mkataba utaisha tu."

Alitoka. Mlangoni Wakonyo, karani wa shule, alimtabasamia na kumwambia avae rangi inayong'aa siku hiyo, maana simu haipendi kahawia.

*

Gladwell alikuwa na miaka hamsini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa ameitumia katika shule hiyo hiyo, akifundisha watoto wadogo kusoma. Kazi hiyo aliijua mpaka kwenye mifupa. Mtoto aliyewashinda walimu wengine wote aliletwa kwake, na baada ya muhula mmoja ungemkuta mtoto huyo akisoma vibao vya maduka kwa sauti mpaka mamake aone haya. Sasa kila asubuhi aliingia darasani na sentensi tano za Kifaransa alizozikariri usiku uliotangulia, akiwa mbele ya watoto wake kwa siku moja tu.

Muhula huo mtoto mmoja alikuwa amemwuliza ng'ombe kwa Kifaransa anaitwaje, kwa sababu wao wamepata ndama. Ng'ombe hakuwa katika zile sentensi tano. "Tutamwona kesho," Gladwell alijibu, na watoto wakatikisa vichwa kwa heshima. Kesho yake alimleta ng'ombe, lakini aibu ya ile siku moja haikumtoka. Katika maisha yake hakuwahi kusimama mbele ya mtoto akiwa mtupu namna hiyo.

Hata hivyo angeyavumilia hayo yote, na zaidi, kwa sababu ya kadi ya bima. Kadi ilitoka shuleni. Kila Jumanne na Ijumaa mumewe Wepukhulu alipelekwa hospitalini Bungoma kusafishwa damu kwa mashine, maana figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili, na kadi hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Mwalimu akiacha shule, kadi inakufa. Na Wepukhulu, daktari alikuwa amesema bila kuzungusha maneno, akikosa mashine hamalizi wiki mbili.

*

Nyumbani kwao Ndalu, Wepukhulu alikuwa ameketi nje akichambua maharage polepole, blanketi magotini ingawa jua lilikuwa bado kali. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho. Aliendelea kutoa mawe kwenye ungo.

"Usiingie," alisema.

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa gani?"

"Ijumaa za baada ya Agosti, Baba Lorna."

Wepukhulu aliuweka ungo chini. Alikuwa mtu mkubwa zamani, dereva wa lori la mahindi ambaye wapakiaji walimwogopa. Sasa shingo yake ilikuwa imekonda na shati lote lilimpwaya. "Wazee wa huyo kijana walipokuja hapa, mmoja alitaka kuingia jikoni akuamkie. Nilimsimamisha. Nikamwambia hii boma iko na mpaka, na mpaka ndio inafanya tuitane wakwe. Walinisikia. Sasa mimi mwenyewe nikule uhai kwa kuvunja hiyo mpaka? Watu waseme Wepukhulu anaishi sababu bibi yake anatazamana na mkwe?"

"Wacha waseme."

"Hapana, Mama Lorna. Kufa nitakufa tu. Lakini nitakufa nikiwa mtu."

"Na mimi?" Sauti ya Gladwell ilipanda mpaka kuku wakatawanyika. "Mimi nibaki na nani, na hiyo mpaka? Itanishikia kikombe? Itaniuliza kama nimekula?" Alikuwa na hasira ambayo haikuwa na mahali pa kukaa. Alimpenda mtu huyu, na kwa wakati huo huo alitamani kumpiga na ungo.

Simu iliwaokoa. Lorna alipiga kutoka Bungoma, na Gladwell akaiweka sauti juu ili babake asikie.

"Mama, hata huku hatulali," Lorna alisema. "Ameona jina lako kwa ile orodha, chakula ikamshinda. Kukataa hawezi. Mnajua ametafuta kazi miaka mitatu, hizi za siku moja moja ndio tunashika nazo. Sasa amesema hivi. Atageuza kiti. Atakupa mgongo, atazame dirisha. Aulize, wewe ujibu, asikie sauti tu."

Wepukhulu alichukua harage moja, akaligeuza vidoleni, akalirudisha.

"Mgongo ni sawa," alisema hatimaye. "Hata wazee wa zamani walikuwa wanaongea hivyo, ukuta katikati. Mwambie asigeuke."

Jioni hiyo alikula vizuri. Gladwell aliketi karibu naye na kumwimbia sentensi zake za Kifaransa, naye akacheka akisema kwamba lugha hiyo inasemwa na watu wenye mafua. Ilikuwa imepita miezi bila yeye kucheka.

*

Alhamisi mtihani ulifanyiwa katika chumba cha kompyuta. Gladwell alivaa rinda la kijani, akajitanda leso kichwani, akaivuta mbele mpaka ikaficha macho. Alipoingia, mkwe alikuwa tayari ameketi akitazama dirisha. Aliona mabega tu, na kola iliyopigwa pasi na mkono alioujua, mkono wa binti yake. Wakonyo alisimama kando na simu yake juu ya kigingi.

Swali la kwanza, jina lako nani. Swali la pili, unafanya kazi gani. Sauti ya mkwe ilitetemeka mwanzoni, kisha ikatulia, na Gladwell naye akatulia. Alisema habari za shule, za darasa, za hali ya hewa. Akasema habari za ng'ombe bila kuulizwa. Swali la nne ndilo la mwisho, nalo lilikuwa moja kwa walimu wote: mtambulishe aliye mbele yako, jina lake, kazi yake, jamaa yake. Gladwell alisema kwa Kifaransa kwamba huyu ni mtahini wetu, anatoka Bungoma, ana mke na mtoto mmoja wa kiume. Mtoto huyo alikuwa mjukuu wake.

"Vizuri sana," mkwe alisema kwa Kifaransa, akilitazama shamba la jirani. Sauti yake ilijaa furaha ambayo mtahini hapaswi kuwa nayo.

Gladwell alikuwa ameshaushika mlango wakati Kagwe alipoingia. Alikuwa akiitazama video moja kwa moja kutoka ofisini kwake.

"Hii nitaonyesha nani?" aliuliza, bila kufoka. "Mtahini anaangalia ng'ombe za watu, mwalimu amefunika uso. Wazazi watasema nini? Watasema aligeuka ili mama asome kwa karatasi."

"Mkurugenzi, amejibu kuwashinda wote waliotangulia," mkwe alisema, bado kaelekea dirishani.

"Sijasema hajajibu. Nasema haionekani. Na jina hajasema." Kagwe alivishika viti kwa mikono yake mwenyewe, akavikabilisha, karibu sana, kama vya kinyozi na mteja wake. "Rudieni. Wewe kijana, geuka. Kama hii kazi ni ngumu, sema sasa, muhula ujao nijue kutafuta mwingine. Na Madam, tafadhali, toa hiyo leso. Tuone uso wa mwalimu wetu."

Kutoka alipokuwa mpaka nje zilikuwa hatua mbili. Tusilisahau hilo: mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyemshika. Alisimama hapo, akawaza kuhusu mirija miwili, mmoja unaotoa damu ya Wepukhulu na mwingine unaoirudisha, na jinsi uso wake unavyorudi kuwa wake kufikia jioni ya Jumanne. Akawaza jinsi alivyocheka juu ya watu wenye mafua. Alitaka mtu huyo aishi. Alitaka hivyo kuliko alivyotaka kutii amri yake.

Aliitoa leso, akaikunja mara nne, akaketi.

Mkwe aligeuka. Alikuwa analia bila sauti, na hakujipangusa, kwa vile kujipangusa kungeonekana kwenye video. Ndiyo mara ya kwanza Gladwell kumwona uso kwa karibu. Alikuwa na nyusi zilizokaribia kugusana, na katikati yake kijikunjo kidogo. Miaka miwili alikuwa akijiuliza mjukuu wake alizitoa wapi nyusi zile, kwani kwao hazikuwepo. Sasa alijua, na akatamani asingejua.

"Mtambulishe aliye mbele yako," mkwe alisema.

Akamtambulisha. Jina lake, akalitaja, mara moja, kwa lafudhi ile ile ya mwanamke wa masomo ya kwenye simu. Kazi yake. Jamaa yake.

"Imetoka poa sana, Madam," Wakonyo alisema, akaizima simu.

*

Aliporudi Ndalu, Wepukhulu alikuwa ameketi pale pale, blanketi magotini. Alimtazama mkewe akiutua mkoba.

"Umepita?"

"Nimepita. Mkataba ni wa miaka miwili."

"Alikupa mgongo?"

Gladwell aliinama kufungua viatu. "Alinipa," alisema. Haukuwa uongo mtupu.

"Kijana ako na adabu," Wepukhulu alisema. "Mama Lorna, leo pika kuku."

Akapika kuku. Alisimama jikoni akimnyonyoa, akajiambia kwamba kesho atasema, hospitalini, mashine ikishaanza, wakati mtu hawezi kuondoka. Mpango wake ulikuwa mzuri. Ulichelewa kwa saa chache tu.

Asubuhi ya Ijumaa jirani yao Nakhumicha, ambaye mtoto wake alikuwa Gredi ya Pili kwa Kagwe, alileta maziwa na simu yake. Alikuwa amejaa fahari ya mtaa mzima. "Baba Rolna! Tumeona Mwarimu kwa glupu! Kumbe anaongea Kifalansa kama maji! Yeye na ule mkwe wenu wa Bungoma, wametazamana hivi, magoti kwa magoti!" Hapo maneno yaliyomtoka yakamrudia masikioni, na akakumbuka kwamba hata yeye ni Mbukusu. Fahari ikamtoka usoni kidogo kidogo. Lakini Wepukhulu alikuwa ameshanyoosha mkono, naye akampa simu.

Aliitazama video mpaka mwisho. Sauti ya Gladwell ilitoka ndogo na safi kwenye ile simu, ikilitaja lile jina katika ua wa nyumba yake. Alimrudishia Nakhumicha simu, akamshukuru kwa maziwa, akaingia ndani.

Gladwell alimfuata. "Baba Lorna, walituzuia. Alinipa mgongo kwanza, nakuapia, ni Kagwe alikataa. Ningefanya nini? Nikae nikuangalie ukifa?"

Wepukhulu alikuwa anatafuta mkono wa koti. Gladwell alimsaidia, kama siku zote, naye hakumkataza. Kifungo cha mwisho kilipofungwa, Wepukhulu akatazama saa ya ukutani.

"Twende, Mwalimu," alisema. "Tutachelewa."

Katika miaka thelathini na moja hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita Namalwa walipokuwa vijana, na Mama Lorna tangu Lorna azaliwe. Mwalimu waliomwita ni wengine, wa sokoni na wa kanisani.

*

Siku hiyo hospitalini palikuwa na muuguzi mgeni, msichana mpole mwenye daftari. Alimlaza Wepukhulu kitandani, akamkunja shati, akatafuta mshipa, akaufunga mkono kwa mpira. Kadi ya bima ilikubali mara moja. Kisha akaangalia fomu yake.

"Mzee, hapa nataka kuandika jamaa yako, tumpigie kukiwa na shida. Huyu mama ni nani wako?"

Gladwell alifungua mdomo kujibu, lakini muuguzi alikuwa anamtazama mgonjwa. Wepukhulu alikuwa anatazama dari. Msichana akadhani hakusikia, akamwinamia na kurudia.

"Nimesikia," Wepukhulu alisema. "Ni mwalimu."

"Mwalimu wako?"

"Wa Kifaransa."

"Na jamaa?"

"Andika Lorna. Namba ndio hii." Akaitaja yote kwa kichwa.

Msichana aliandika. Akamgeukia Gladwell kwa tabasamu la kuomba radhi, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Basi Mwalimu, naomba usubiri huko nje. Humu ndani tunaruhusu watu wa familia peke yake."

Gladwell alimtazama mumewe, akingoja aseme neno. Wepukhulu alifumba macho na kumnyooshea muuguzi mkono. Gladwell alichukua koti la mumewe kutoka kwenye kiti, akatoka nalo, akaketi kwenye benchi la ukumbini. Kupitia mlango uliokuwa unafungwa alisikia mashine ikianza kuzunguka, na damu ya mumewe ikianza kwenda na kurudi.